Kalamu ya Mpanga Ratiba: Mashirikisho ya Michezo na Hewa Ukaa

Mada kwa semina ya viongozi wa michezo, Goma



Ikitajwa michezo na tabianchi, wengi wetu tunawaza kupanda miti pembeni ya uwanja. Tuipande. Lakini hewa ukaa nyingi ya michezo hutoka njiani kuliko uwanjani, na safari huamuliwa na yule anayeandika ratiba.

1. Tatizo liko wapi

FIFA yenyewe ilikadiria kwamba Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar lingetoa tani milioni 3.6 za hewa ukaa, na zaidi ya nusu ni ya safari. Iliahidi kuifidia yote kwa kugharimia miradi ya mazingira. Juni 2023, tume ya Uswisi inayochunguza ukweli wa matangazo ilitamka kuwa madai ya FIFA kwamba Kombe hilo halikuongeza hewa ukaa yalipotosha watu. Moshi ukishatoka umetoka. Dawa ni kutoutoa.

Tangu Desemba 2018, Umoja wa Mataifa una mpango wa michezo kwa ajili ya tabianchi, uliozinduliwa Katowice, Poland. Lengo lake sasa ni kupunguza hewa ukaa ya michezo kwa nusu ifikapo 2030.

2. Hali yetu

Goma na Kinshasa zimeachana kwa zaidi ya kilomita 1,500 angani, na basi halipiti. Timu, makocha, daktari na viongozi walikuwa wakipanda ndege, kwenda na kurudi, kwa dakika 90 za mpira. Linafoot, ligi kuu ya nchi yetu, ilipogawa vilabu katika makundi mawili, Mashariki na Magharibi, ilipunguza safari hizo. Kinachookoa mfuko huokoa na hewa.

Januari 2025 vita vilifunga uwanja wetu wa ndege, na safari hizo zikasimama. Tusijisifu: moshi uliopunguzwa na vita si ushindi wa mtu.

Tazameni pia siku ya mechi Stade de l'Unité. Mashabiki wengi huja kwa miguu. Wengine hubanana watatu kwenye pikipiki moja. Nje ya lango, mishikaki inaiva juu ya makaa, na makaa mengi ya mji huu yanatokana na miti iliyokatwa katika Hifadhi ya Virunga. Ndani, grupu (jenereta) inaunguruma ili kipaza sauti kisikike, wakati kituo cha umeme wa maji cha Matebe kinazalisha umeme tangu 2015.

3. Mapendekezo

Kwanza, ratiba. Klabu ikivuka Ziwa Kivu kwenda Bukavu, icheze mechi mbili kabla ya kurudi.

Pili, waamuzi wa ligi ya mkoa watoke karibu. Hofu ya upendeleo ni ya kweli, lakini inatibiwa kwa kuwapanga kwa kura na kuweka kamishna makini wa mechi. Safari ndefu haimfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Tatu, umeme. Mechi ianze saa tisa alasiri, taa zisihitajike. Na palipo na umeme wa maji, grupu ibaki akiba.

Nne, daftari. Kila safari iandikwe: watu wangapi, chombo gani, lita ngapi. Mwisho wa msimu tutajua tulichopunguza, badala ya kukisia.

Hitimisho

Hakuna pendekezo hapa linalongoja mfadhili. Kamati ya ratiba itakapokaa tena, naomba juu ya meza, kando ya kalenda, iwekwe ramani.