Mpanda Baiskeli Mbele ya Dirisha la Magari



Mada niliyokabidhiwa ni haki ya mpanda baiskeli kuhudumiwa kwenye dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya wenye magari, pale ambapo mtu hununua chakula, hupokea dawa au hutoa fedha benki bila ya kushuka garini mwake. Yamkini wako watakaoiona mada hii kuwa nyepesi. Nami nasema si nyepesi hata kidogo, kwa sababu katika miji ya Marekani, ambako desturi hii ilizaliwa na kukulia, usiku ukiingia mlango wa mkahawa aghalabu hufungwa na dirisha likabaki peke yake, hata mfanyakazi atokaye zamu ya usiku kwa baiskeli akakuta taa zinawaka, wapishi wako kazini, na chakula kinauzwa kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Ili tulifahamu tatizo hili yatupasa kwanza kuijua asili ya dirisha lenyewe. Benki moja ya mji wa St. Louis ilikuwa na dirisha la wenye magari tangu mwaka 1930. Na mwaka 1948 Harry Snyder na mkewe Esther walifungua huko Baldwin Park, California, duka la In-N-Out, ambako mnunuzi aliagiza kwa kipaza sauti, akasogeza gari mbele, akapokea chakula chake. Lakini habari inivutiayo zaidi ni ya Sierra Vista, Arizona, mwaka 1975. Mji huo uko jirani na kambi ya Fort Huachuca, na askari wa kambi hiyo walikuwa wamekatazwa kushuka garini mjini wakiwa wamevaa sare zao za kazi. Basi mkahawa wa McDonald's wa mji huo ukatoboa ukuta na kuweka dirisha ili askari wale wahudumiwe huku wameketi garini. Naomba tulizingatie sana jambo hili, maana dirisha hilo la kwanza la kampuni hiyo lilifunguliwa kwa ajili ya mteja ambaye amri ilimzuia kupita mlangoni.

Sasa na tumfuate mpanda baiskeli mpaka ndani ya ujia wa magari uelekeao dirishani. Chini ya zege, mbele ya ubao wa orodha ya vyakula, umezikwa waya uliozungushwa kitanzi na kupitishwa umeme. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha nguvu ya sumaku ya kitanzi kile, na kengele ikalia masikioni mwa mhudumu aliye ndani. Baiskeli ina chuma kichache, na mwenyewe asipojua husimama katikati ya kitanzi, mahali ambapo haihisiwi kwa urahisi. Kwa hiyo kengele hailii, na mtu hubaki mbele ya kipaza sauti kisichomwambia neno, asijue kama amepuuzwa ama hakuonekana. Wazoefu hutafuta ule mstari mwembamba uliokatwa kwa msumeno katika zege na kuzibwa tena, wakayaweka magurudumu yao juu yake sawasawa, kwani hapo rimu ya chuma au ya alumini huweza kukiamsha kile kitanzi.

Akifaulu kufika dirishani, jibu apewalo mara nyingi ni kwamba kanuni za kampuni na masharti ya bima hayaruhusu, kwa kuwa dereva wa nyuma huenda asimwone akamgonga. Hoja hii siidharau, maana mwili wa mtu haustahimili gari hata liwe katika mwendo mdogo. Walakini mtu huyo amekwisha kupita barabara kuu pamoja na malori ili kufika hapo, ilhali ndani ya ujia magari hujikokota. Tena sheria ya jimbo la Oregon, kwa mfano, humpa mpanda baiskeli awapo barabarani haki na wajibu wa dereva. Taabu ni kwamba ujia huo umo ndani ya kiwanja cha mwenye duka, na humo neno lake ndilo lipitalo.

Mwaka 2009, mjini Portland katika jimbo hilo hilo, mama mmoja mwenye baiskeli alikataliwa kwenye dirisha la mkahawa wa Burgerville; habari zikaenea, na kampuni, kwa sifa yake, haikung'ang'ania, bali ilitangaza kwamba wapanda baiskeli wakaribishwa. Baadaye mji wenyewe uliweka katika kanuni zake za matumizi ya ardhi kwamba, milango mingine ikiwa imefungwa, wasio na magari nao wahudumiwe. Minneapolis ikaenda mbali zaidi mwaka 2019, ikapiga marufuku kujengwa kwa madirisha mapya ya namna hii.

Hata hivyo, rai yangu yaachana kidogo na ya watetezi wengi wa baiskeli. Wao hushikilia kwamba baiskeli ni chombo cha kusafiria kama gari, basi ipewe nafasi yake katika foleni. Neno hilo ni la kweli, lakini ni finyu: humwokoa mwenye magurudumu mawili, likamwacha nje aendaye kwa miguu, na mwenye kiti cha magurudumu, na kipofu ambaye hawezi kupewa leseni hata akiwa na fedha za kununua magari kumi. Mwaka 2016 kipofu mmoja wa Louisiana aliishtaki McDonald's kwa sababu hiyo hasa, kwamba usiku hubaki dirisha tu, na dirisha halimhudumii aliyekuja kwa miguu. Na mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za kulia, iliyokuwa shida ya usiku ikawa shida ya mchana kutwa. Mahali pengine hata vipimo vya maradhi yenyewe vilitolewa kwa walio garini tu, jambo ambalo mimi naliona dhuluma, maana maradhi hayakuwachagua wenye magari. Maadamu dirisha ndilo njia pekee ya kuifikia biashara iliyofunguliwa kwa umma, basi limekwisha kuwa mlango, na mwenye nalo ana dhima ya mwenye mlango kwa kila ajaye.

Kwa hiyo sisemi kwamba lazima baiskeli ibanwe kati ya magari mawili. Lililo bora ni dirisha dogo la pili upande wa waendao kwa miguu, lenye taa na kipaa cha kuzuia mvua, linalofunguliwa saa zile zile. Na pale ambapo nafasi haipatikani, ujia uwapokee wote, na pawekwe kitufe cha kubonyeza kando ya ubao ili anayesubiri ajulikane yupo. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, ambako waendao kwa miguu na kwa baiskeli ni wengi kuliko wenye magari, naomba wenzangu wa halmashauri walitie sharti hili katika kibali cha ujenzi tangu mwanzo, kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa kutoboa ukuta uliokwisha kusimama ni gharama ambayo mwenye duka ataikataa.