HAKI HAINGOJI KUSHITAKIWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa nizungumze juu ya wajibu wa ofisi za umma katika kutimiza usawa na haki za binaadamu. Wengi hulidhani jambo hili ni la mawakili peke yao. Silo. Ni la kila mtu aliyepata kusimama mbele ya dirisha la ofisi, karatasi mkononi, akaambiwa arudi kesho. Nitatoa mfano wa Uingereza, kwa sababu sheria ya huko kwa maandishi ni nzuri, na kwa sababu walioumia hali sheria hiyo ipo walikuwa watu wa visiwa kama sisi.

Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa London kwa chuki ya rangi. Uchunguzi wa Sir William Macpherson, uliotangazwa mwaka 1999, ulikuta kuwa ubaguzi umeota mizizi ndani ya chombo chenyewe cha polisi wa mji huo. Hapo ndipo fikra ya sheria ilipogeuka. Zamani aliyebaguliwa ndiye aliyebeba mzigo: adhulumiwe kwanza, kisha atafute wakili, ashitaki. Sheria ya mwaka 2000 iliuhamisha mzigo ule kwa kuzitaka ofisi za umma zitangulie kuuzuia ubaguzi wa rangi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ikaupanua wajibu huo, ukaingia umri, ulemavu, dini, jinsia na mengineyo. Kila ofisi ya umma inatakiwa, katika kazi zake zote, izingatie mambo matatu: kuondoa ubaguzi, kuwapa watu nafasi sawa, na kukuza maelewano baina yao.

Na nini maana ya kuzingatia? Mahakama za huko zimekwisha eleza. Sheria haiilazimishi ofisi kufika kwenye uamuzi fulani, bali inailazimisha ifikiri kwa dhati, kwa moyo ulio wazi, kabla ya kukata shauri. Kuandika karatasi ya kujitetea baada ya shauri kukatwa si kuzingatia. Shikeni neno hilo, ndugu zangu: kabla.

Sasa tutazame yaliyotokea. Mwezi wa Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, imechukua mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Baada yao walikuja maelfu wengine. Waliendesha mabasi, waliuguza wagonjwa, walijenga nchi iliyobomolewa na vita. Sheria ya 1948 iliwahesabu watu wa makoloni kuwa ni raia, na waliokwisha kukaa Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1973 walibakishiwa haki ya kukaa. Lakini wengi hawakupewa hati yoyote ya kuthibitisha haki hiyo, na wengine walifika wakiwa watoto, kwa pasi za wazee wao.

Kuanzia mwaka 2012 serikali ya huko ilianzisha siasa ya kuwafanyia uzito wageni wasio na ruhusa. Sheria za 2014 na 2016 ziliwataka wenye nyumba, waajiri na mabenki waulize karatasi. Mtu aliyefanya kazi na kulipa kodi miaka arubaini akaambiwa athibitishe kuwa si mgeni. Na kadi za kuteremkia melini, ambazo zingaliwasaidia baadhi yao, Wizara ya Mambo ya Ndani ilikwisha ziharibu mwaka 2010! Watu walipoteza kazi na nyumba, na wengine walinyimwa matibabu. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilitaja watu 164 waliotiwa kizuizini au kuondoshwa nchini.

Je, sheria ya usawa haikuwapo? Ilikuwapo. Wizara haikuwa na watu wa kusoma? Ilikuwa nao. Mwezi wa Machi 2020 Bi Wendy Williams, aliyekabidhiwa kuyachungua mambo hayo, alisema madhara yale yaliweza kuonekana tangu mbele na yaliweza kuepukwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Tume ya Usawa na Haki za Binaadamu ikatangaza kuwa Wizara haikutimiza wajibu wake: khatari kwa watu weusi ilipuuzwa mara kwa mara, watu wenyewe hawakusikilizwa vya kutosha, na suala la usawa mara nyingi lilifikiriwa baada ya wakati wake kupita. Majuto ni mjukuu.

Bi Williams alitoa mapendekezo 30, na Wizara ikayakubali. Mwaka 2023 ikayaacha matatu. Mtu mmoja katika walioumia akaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Juni 2024 mahakama ikaamua kuwa kuyaacha mawili katika hayo kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hivyo sheria si kitu bure, ina meno. Lakini tazameni nani alilazimika kuyatumia meno hayo: ni yule yule aliyekwisha umia. Mzigo ulirudi pale pale ulipoondolewa.

Ndugu wanachama, chama kinachoomba kukabidhiwa ofisi za umma lazima kijizoeze kabla hakijakabidhiwa. Kila ofisi, iwe ya wilaya, ya hospitali au ya skuli, tuiulize masuala matatu. Kabla ya kutoa amri hii, mlijua nani itamuumiza? Mtu huyo mlimwita mkamsikiliza? Na baada ya kumsikiliza, mlibadilisha nini? Ofisi isiyoweza kujibu suala la tatu haikusikiliza, hata ikiwa na faili lenye unene wa tofali.

Na masuala hayo hayo tuyaanzie humu tawini mwetu, kwa mzee asiyesoma, kwa mlemavu asiyeweza kupanda ngazi ya ukumbi, kwa bibi anayekaa nyuma asiulizwe. Tukishindwa na haya madogo tungali nje, tukiingia ndani hatutayaweza makubwa.