Lozi Ndani ya Kichwa: Picha za Ubongo na Watu Wenye Haiba ya Mpakani

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya na ustawi wa jamii, Raskazone, Tanga

Kila wodi, kila shule na kila ofisi ya ustawi wa jamii inamfahamu mtu wa namna hii, hata kama faili lake halijaandikwa jina la ugonjwa. Leo amekushika kama ndugu wa tumbo moja. Kesho, kwa sababu ya ujumbe uliochelewa kujibiwa, umekuwa adui yake. Hasira zake hupanda ghafla na kushuka ghafla, na zikishuka humwachia aibu nzito. Hofu ya kuachwa haimtoki. Wapo wanaojikata mikono kwa wembe, na si kila mara kwa kutaka kufa: maumivu ya ngozi huyatuliza kwa muda yale ya ndani. Huku pwani amepewa majina mengi: ana kisirani, anadeka, anajitia, amepandisha. Kitabibu hali hiyo huitwa tatizo la haiba ya mpakani. Jina hilo linatokana na Adolph Stern, daktari wa New York, aliyeandika mwaka 1938 kuhusu wagonjwa aliowaona wamekaa mpakani baina ya nyurosi na saikosi. Mwaka 1980 likaingizwa katika mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani. Nadharia ya mpaka huo imekwisha kuachwa, jina limebaki. Hoja yangu ni kwamba picha za ubongo zimetupa ushahidi wa kutosha kuwa mtu huyu hajitii, lakini ushahidi huohuo haumtambui mgonjwa mmoja mmoja, na wala hausemi kuwa ameharibika asipone. Tukiusoma sawasawa, unatuelekeza kuwekeza katika watu wanaojua kusikiliza kabla ya kuwekeza katika mashine.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kila upande una kifundo kidogo chenye umbo la lozi. Hata jina lake la kitaalamu, amigdala, kwa Kigiriki ni lozi. Kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Nyuma yake imejikunja hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa jinsi inavyofanana naye, nayo huzipa kumbukumbu mahali na wakati: humwezesha mtu kujua kuwa kipigo kile kilikuwa cha zamani na kwamba hapa alipo ni salama. Mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu zinazoipima ile mbiu na kuituliza ikiwa haina msingi. Mwaka 2000, Martin Driessen na wenzake nchini Ujerumani waliwalinganisha wanawake 21 wenye tatizo hili na wengine 21 wasio nalo. Hipokampasi za kundi la kwanza zilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 16, na amigdala kwa karibu asilimia 8. Mwaka 2003 Ludger Tebartz van Elst na wenzake wa Freiburg walipata upungufu wa asilimia 20 na 24, ila walipima wagonjwa 8 tu. Ndiyo maana naupa uzito zaidi uchambuzi wa Anthony Ruocco na wenzake wa mwaka 2012, uliounganisha tafiti 11: wastani wa upungufu ulikuwa asilimia 11 kwa hipokampasi na 13 kwa amigdala. Mwaka uleule wa 2003 watafiti wa Yale, wakiongozwa na Nelson Donegan, waliwaonyesha wagonjwa picha za nyuso. Amigdala zao ziliitikia kwa nguvu kuliko za wenzao, na baadhi yao waliuona uso usioonyesha hisia yoyote kuwa unawatisha. Naomba tulitafakari hilo. Muuguzi aliyechoka, mwenye uso mkavu saa tisa ya usiku, hajamtukana mgonjwa. Lakini ndani ya kichwa cha mgonjwa mbiu imekwisha kupigwa.

Hapo ndipo shauku inapoweza kutupotosha. Mtu atauliza kwa nini basi tusimpige kila mgonjwa picha ya MRI tukajua moja kwa moja. Jibu liko katika maana ya wastani. Chukueni matenga mawili ya changu pale soko la samaki la Deep Sea, kila moja limetoka mwamba wake. Huenda wastani wa ukubwa wa samaki wa tenga la kwanza ukawa mdogo kwa sehemu moja ya kumi, na tofauti hiyo ikawa ya kweli kabisa. Hata hivyo ukimtoa changu mmoja na kumweka mezani, hakuna mvuvi atakayekuapia kwa kumpima tu kwamba ametoka mwamba upi. Ndivyo ilivyo kwa amigdala: wapo wenye afya njema ambao zao ni ndogo, na wapo wagonjwa ambao zao ni kubwa. Isitoshe, hipokampasi hupungua pia kwa watu wenye sonona ya muda mrefu na kwa waliobaki na majeraha ya kisaikolojia baada ya tukio la kutisha. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa upungufu ni mkubwa zaidi pale majeraha hayo na haiba ya mpakani vinapokutana kwa mtu mmoja. Na kwa kuwa tafiti nyingi zimewapima wanawake, tena wa Ulaya na Marekani, mwanamume wa Pongwe au Pangani bado hajaingia vizuri katika picha hiyo. Utambuzi unafanywa kwa mazungumzo ya makini na historia ya maisha, na utaendelea kufanywa hivyo.

Historia ya maisha nimeitaja kwa makusudi. Kichwa cha utafiti wa Driessen kilitaja wazi majeraha ya utotoni, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wale walikuwa wameyapitia. Homoni za msongo zikimiminika kwa miaka katika mwili wa mtoto huigusa hipokampasi inayokua. Sasa tuitazame nchi yetu: utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya watoto walipigwa na kuumizwa mwili. Simaanishi kwamba kila mwenye haiba ya mpakani alidhulumiwa, wala kwamba kila aliyedhulumiwa ataugua. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa urithi unachangia karibu asilimia 46 ya tofauti baina ya watu katika hali hii. Wazazi wengi waliolea kwa upendo wana mtoto wa namna hii, na ni dhuluma kuwanyooshea kidole. Lakini palipo na urithi wa hisia kali na kipigo juu yake, hapo ndipo pa kuwahi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wema: ikiwa ubongo umepungua, tiba ya kuzungumza itasaidia nini? Pingamizi hilo linadhani ubongo ni kama chungu, kikivunjika kimevunjika. Eleanor Maguire aliwapima madereva wa teksi wa London na kukuta kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao imekua, na ufuatiliaji wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba ilikua kwa kujifunza mitaa. Kwa wagonjwa wetu ushahidi upo pia. Mwaka 2014 Marianne Goodman na wenzake walikuta kuwa baada ya miezi 12 ya tiba iliyobuniwa na Marsha Linehan, inayomfundisha mgonjwa stadi za kuvumilia dhiki na kutawala hisia, amigdala ilipunguza ukali wake. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani wakaonyesha kuwa tiba hiyo iliongeza tishu ya kijivu katika sehemu za mbele zinazohusika na kujitawala. Naye Mary Zanarini aliwafuatilia wagonjwa 290 kwa miaka kumi. Asilimia 93 kati yao walipata angalau miaka miwili mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Si wote waliorudi kazini na kuishi vizuri na watu, hilo lisifichwe. Lakini anayesema hawaponi anakosea.

Wengine watasema kuwa lugha ya ubongo itaondoa unyanyapaa, kwa hiyo tuihubiri kwa nguvu. Mimi naihofia kidogo. Uchambuzi wa Kvaale na wenzake wa mwaka 2013 uligundua kuwa maelezo ya kibiolojia hupunguza lawama kwa mgonjwa, lakini huongeza imani kwamba hatapona. Na hapa mtu wa pwani ana la kuongeza. Anayesema ni jini na anayesema ni amigdala wanafanana katika jambo moja: wote wawili wanamwondolea mgonjwa hatia, na wote wawili wanaweza kumfanya chombo tu, asiye na mkono katika kupona kwake. Familia zitaendelea kumtafuta mwalimu aandike kombe, zitaendelea kwenda ngomani, na sioni faida ya kugombana nazo. Huko mgonjwa hupata muda, watu wa kumzunguka na mtu anayelichukulia tatizo lake kwa uzito, mambo ambayo mara nyingi anayakosa kwetu. Tumwombe tu asiache kliniki, na tumpe yeye mwenyewe kazi ya kufanya.

Mkoa huu si mgeni wa huduma ya wagonjwa wa akili. Lutindi, huko milimani Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Kazi za mikono na shamba zimekuwa sehemu ya tiba yake. Watakaosema hatuna wataalamu wa kutosha wanasema kweli. Lakini Moshi, na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kutoa tiba ya kuzungumza katika utafiti wa watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa tiba ilipoisha, watoto waliotibiwa katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Ugonjwa ni mwingine, ila njia ya kuwafundisha watu ni ileile.

Limebaki jambo la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikitamka kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Aliyejikata anaweza kuogopa fomu ya polisi ya PF3 kuliko jeraha lenyewe, akabaki nyumbani. Kwa hiyo napendekeza kwamba anayeshona jeraha la namna hii, iwe hospitali ya Bombo hapa jirani au kwenye zahanati ya kata, aulize kwa upole kama mtu alitaka kufa au alitaka maumivu yatulie, aandike jibu kama lilivyotolewa, na ampe tarehe ya kurudi pamoja na jina la mhudumu atakayempokea. Na mhudumu huyo akihamishwa, mgonjwa aambiwe kabla hajaondoka.