Gia Ndogo, Nguvu Kubwa

Msikilizaji wa Mlowo, lori lililosheheni mahindi linapong'oka kuelekea Tunduma, dereva huanza na gia ndogo. Hapo injini huweza kuzunguka mara 4 au zaidi ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara 1: msukumo unaongezeka, mwendo unapungua. Kwenye gia ya juu gari hukimbia, lakini likikuta mlima linakosa nguvu.

Kama giaboksi, difu nayo ina uwiano wake wa mizunguko. Ukifunga yenye uwiano mkubwa, gari litachomoka haraka na kuvuta mzigo vizuri, ila spidi yake ya mwisho itashuka.

Na tafadhali sana, madereva wetu: kwenye mteremko wa Iwambi, Mbeya, ingieni gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Injini itasaidia kulizuia gari, breki zisiungue.