Mali bila daftari: takwimu katika ujenzi wetu

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata



Boma la darasa likikosa paa, lawama humwangukia fundi. Hata hivyo, upungufu huweza kuanza kabla msingi haujachimbwa, kwenye makadirio. Mtaalamu wa kazi hiyo ni mkadiriaji majenzi: husoma mchoro, hupima kila kazi, kisha huigeuza kuwa fedha. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hufundisha fani hii katika ngazi ya shahada kwa miaka minne.

Zamani kalamu na kikokotoo vilimtosha. Leo michoro hupimwa kwa kompyuta, na tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hufanyika kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Lakini kompyuta hujumlisha kosa kwa wepisi uleule inaojumlishia ukweli. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani hii hana budi kujua kukusanya takwimu, kuzihakiki, kuzilinganisha na kuzitunza.

Tuchukue mfano. Ukuta wa mita 10 kwa 3 una mita za mraba 30. Kwa matofali 10 kila mita ya mraba, yatahitajika 300. Asiyeondoa madirisha yenye jumla ya mita za mraba 6 atanunua matofali 60 ya ziada. Vivyo hivyo, "tripu 5 za mchanga" si kipimo, kwa kuwa malori hayalingani ujazo.

Kuna kosa jingine linalotugusa zaidi. Wananchi wakichangia mawe, maji na nguvu zao bila kuandikwa, jengo huonekana kuwa la bei nafuu. Anayetumia hesabu hiyo kukadiria zahanati ijayo atatenga fedha pungufu, na boma jingine litabaki bila paa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kamati ya ujenzi iandike tarehe, kipimo, kiasi, bei, gharama za usafiri na thamani ya michango ya wananchi. Nanyi wazazi, watieni moyo watoto wenu, wa kike na wa kiume, wapende hisabati. Miongoni mwao wamo wakadiriaji wa kesho.