Cheti Hakitoshi Kuongoza Shirika la Hiari



Kila mwaka vijana waliohitimu vyuo huingia katika mashirika ya hiari, yale yasiyogawana faida. Huingia wakiwa wahasibu, mabwana shamba, wauguzi au walimu. Baada ya miaka michache baadhi yao hukabidhiwa uongozi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Hawajikwai kwa kukosa elimu. Hujikwaa kwa kuwa elimu iliyowatosha katika utaalamu haiwatoshi katika uongozi. Mtaalamu huulizwa amefanya nini. Kiongozi huulizwa wananchi wamepata nini.

Mfano wa Fazle Hasan Abed wa Bangladesh unafaa kutazamwa kwa makini. Alisomea uhasibu London, na kufikia mwaka 1970 alikuwa na cheo kikubwa cha fedha katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Chittagong. Novemba ya mwaka huo tufani iliua mamia ya maelfu ya watu katika pwani ya nchi yake. Mwaka 1971 vikafuata vita vya ukombozi. Mwaka 1972, kabla hajatimiza miaka arobaini, aliuza makazi yake ya London na kuanzisha BRAC, ili kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea vijijini Sulla.

Ujuzi wa kwanza unaoonekana katika kazi yake ni kupima kazi kwa matokeo. Kuanzia mwaka 1980 BRAC ilituma akina mama kupita nyumba kwa nyumba, wakifundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru ya kumpa mtoto anayeharisha. Ujira wa walimu hao haukutegemea idadi ya nyumba walizopita. Ulitegemea kiasi ambacho wazazi waliofundishwa walikumbuka wakaguzi walipowatembelea baadaye. Kila mwalimu anaelewa uzito wa kipimo hicho: somo halihesabiwi kuwa limefundishwa mpaka mwanafunzi alijue.

Ujuzi wa pili ni kuikubali habari mbaya. Wakaguzi waligundua kwamba wazazi wengi walilikumbuka somo lakini hawakulitumia. Kiongozi dhaifu angewalaumu wanavijiji kwa ujinga. BRAC ilichunguza, ikakuta kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha, na kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mafunzo. Walimu wakapelekwa kuwaona wagonjwa wakitibiwa kwa maji hayo, na wanaume wakafuatwa sokoni na misikitini. Kufikia mwaka 1990 zaidi ya kaya milioni 12 zilikuwa zimefundishwa.

Ujuzi wa tatu ni uaminifu katika hesabu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika hayo kutoa kila mwaka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kiongozi asiyeweza kusoma mizania huwa mateka wa mhasibu wake. Anayeweza kuisoma lakini akaificha ni msaliti wa wale ambao fedha hizo ziliombwa kwa jina lao. Aidha, mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sifa za wafadhili zisimfanye kiongozi asahau kwamba hakimu wake ni mwanakijiji.

Ujuzi wa nne, nao ndio mgumu kuliko yote, ni kuachia madaraka. Abed aliacha ukurugenzi mtendaji mwaka 2001 na uenyekiti mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki Desemba. Shirika halikuzikwa pamoja naye. Lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka ya nchi yake, na hata Tanzania lilifika mwaka 2006.

Basi kijana anayetaka kuongoza asisubiri cheo. Akubali leo kuandika kumbukumbu za mkutano, asome hesabu za idara isiyo yake, akae kijijini bila haraka ya kurudi mjini, na amfundishe mwenzake kila analolijua. Nao wakubwa wa sasa wawape vijana majukumu wakati wenyewe wangali na nguvu za kuwasahihisha. Shirika linalomtegemea mtu mmoja humwacha mnyonge bila msaada siku mtu huyo atakapoondoka.