Deni Halimwondolei Mpangaji Haki Yake



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya msaada wa kisheria kwa wapangaji wanaotishiwa kufukuzwa. Waumini wetu wengi mijini huishi katika nyumba za kupanga, mara nyingi chumba kimoja kwa jamaa nzima. Kazi ikikatika, au mtoto akilazwa hospitalini, kodi huchelewa. Ndipo mlango hutiwa kufuli, mabati huezuliwa, au maji hukatwa. Naye mpangaji huondoka kimya, akiamini kwamba mdaiwa hana la kusema. Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Walieleza dunia ilivyo, si jinsi Mungu anavyoitaka iwe.

Tazameni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mkopeshaji anayekwenda kuchukua rehani anakatazwa kuingia katika nyumba ya mdaiwa. Sharti asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Deni linatambuliwa, na dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo mlango wa maskini unabaki kuwa mlango wake. Kumbe deni ni jambo moja, na heshima ya mtu katika makao yake ni jambo jingine.

Sheria ya nchi yetu ya Kenya imeshika njia hiyo hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada haiwi kizuizi. Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi anastahili kupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Nyumba ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mpangaji wake hawezi kutolewa pasipo idhini ya baraza lililowekwa na sheria hiyo. Kodi ikizidi hapo, shauri hupelekwa mahakamani. Wala mwenye nyumba hana ruhusa ya kujichukulia vyombo vya mpangaji kwa mkono wake. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, naye amewekewa utaratibu.

Msidhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2010 wapangaji wa mtaa wa Muthurwa, Nairobi, waliamriwa kuhama, na ubomoaji ukaanza wangali humo. Walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilipotolewa mwaka 2013, mahakama haikumnyang'anya mwenye mali mali yake. Ilisema kwamba haki za wapangaji zilivunjwa kwa namna walivyotendewa, ikaagiza pande zote mbili zikutane na kupanga utaratibu wa kuhama. Walipata hayo kwa sababu walikwenda pamoja.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwafundishe watu wake kutunza risiti, mkataba, na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo. Mbele ya hakimu, karatasi ina sauti kuliko machozi. Pili, anayepokea notisi asingoje siku ya kufuli. Aipeleke siku hiyo hiyo kwa kiongozi wa jumuiya, ili wamsindikize kwa mwenye nyumba kutafuta mapatano ya kulipa kidogo kidogo, yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Tatu, mapatano yakishindikana, wamfikishe kwa wanasheria mapema. Kituo cha Sheria kimewasaidia maskini tangu mwaka 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Amri ya kuzuia kufukuzwa yafaa kabla vyombo havijatupwa nje. Baadaye mtu hubaki akidai fidia tu.

Miongoni mwetu wamo pia wenye nyumba, na baadhi yao ni wajane na wazee wanaoishi kwa kodi hiyo. Nao wana haki yao. Mpangaji mwenye uwezo asiyelipa kwa makusudi anamdhulumu jirani yake, na Tume ya Haki na Amani haimtetei. Tunalotaka ni kwamba kila shauri liamuliwe mchana, mbele ya mwamuzi, wala si usiku kwa nyundo na vijana wa kukodiwa.

Mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, alimwendea hakimu dhalimu mara kwa mara mpaka akapewa haki yake. Alikwenda peke yake. Katika parokia yetu asiwepo mjane wa kwenda peke yake.

Mungu awabariki.